Karai Alilolamba Mbwa

Iko asubuhi moja, mwanangu, ambayo haijanitoka kichwani mpaka leo, na wala haikuwa asubuhi ya ajabu. Jua lilikuwa limeshapanda kidogo, bahari imeanza kutoka, na mimi nilikuwa nimesimama mbele ya karai la bati lililolambwa na mbwa, nikijiuliza nifanye nini. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilichokifanya hakikuchukua hata muda wa kusoma Fatiha. Lakini nusura kimuue farasi mwenye mimba, na kilimfanya mzee mmoja mwema ajione kuwa ndiye muuaji.

Nakuandikia haya kwa sababu umeniambia mwezi ujao unaanza kazi ya uuguzi, ukaniomba nikupe maneno ya kwenda nayo. Nilishtuka, nisikufiche. Mimi shule niliishia darasa la tano, na maneno mazito sinayo. Nilicho nacho ni madaftari haya, ambayo tangu usichana wangu nimekuwa nikiandika mambo ya kila siku: mvua imenyesha au haikunyesha, farasi gani amekula na yupi amesusa. Nimeyafungua kutafuta nasaha, nikakuta karibu yote ni habari za kwato na kupe. Basi nimechagua kosa langu moja. Kosa angalau naweza kulieleza bila kuongopa, na hata hapo itabidi nijichunge.

Kisiwa chetu cha Mtengo wewe wakijua kwa likizo tu, kwa hiyo nianze na mahali. Ni kidogo, ukikizunguka kwa miguu chai uliyoiacha jikoni utaikuta bado ina moto. Bahari ikitoka twavuka kwenda Bodo, kijiji cha ng'ambo, kwa miguu, maji ya magoti, tope la mikoko linakunyonya nyayo. Ikijaa ni mtumbwi. Mchanga uko kila pahali. Uko kitandani, uko kwenye wali, uko masikioni.

Mwenye farasi alikuwa mwanamke wa Kizungu tuliyemwita Mama Asta. Kwao pia ni kisiwa, ila kisiwa cha baridi kule mbali kaskazini, kinaitwa Aislandi. Alikulia na farasi wa huko, wafupi, wanene, wenye manyoya kama zulia; alikuwa na picha yao ukutani. Alitamani kuja nao, lakini jua letu lingewaua, tena akasema kwao farasi akishatoka nchini harudi tena, ndiyo sheria. Basi akanunua farasi wanne wafupi huko bara, akawaweka Mtengo, akawafuga kwa desturi ya kwao: hakuna zizi, hakuna kufungwa, wanatembea pamoja usiku na mchana, na asubuhi mbwa anawakusanya waje kula.

Walikuwa Moshi, Baruti, Karani na Nyota. Karani tulimwita hivyo kwa sababu ya mwendo wake. Alikuwa hatingishiki. Mama Asta humpanda na kikombe cha chai mkononi, akazunguka ufuo mzima, akarudi hajamwaga tone. Nyota alikuwa jike, mwekundu, ana doa jeupe kwenye paji la uso. Mwaka huo alikuwa na mimba iliyokuwa imekaribia.

Na mbwa aliitwa Katuri, jina la huko kwao Mama Asta, mbwa wa rangi ya mchanga mwenye mkia uliojikunja. Huyo sina la kumlaumu. Alifanya kazi yake kila siku, na alilolifanya siku ile ndilo analolifanya mbwa yeyote akisikia harufu ya samaki.

Mimi niliajiriwa kufua na kupiga deki. Namna nilivyofika kwa farasi hata sikumbuki vizuri, nadhani siku moja Mama Asta alikuwa na homa, nikaombwa kuwapa chakula, nikabaki hapo. Wanawake wa Bodo walipata la kucheka. Nikienda nyumbani kwa mama Ijumaa, nikipita kisimani, nasikia: "Mwanasha! Wakwe zako wameamkaje? Wamekula ng'onda?"

"Wamekula," najibu. "Wanauliza chai mwaleta saa ngapi."

Hilo la ng'onda lilikuwa kweli. Mama Asta alisema kwao wakati wa baridi farasi hupewa samaki wa chumvi, na kwa kuwa Nyota ana mimba akaagiza awe anatiwa kiganja cha dagaa waliopondwa ndani ya pumba zake. Farasi kula dagaa, mwanangu! Nilimwona kwa macho yangu, vinginevyo nisingesadiki.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Nyanje. Alikuwa Mduruma wa upande wa Kinango, mchunga ng'ombe tangu utoto wake, mrefu, mkimya, si Mwislamu, lakini mfungo ukifika alikuwa hali mbele yangu hata siku moja. Yeye ndiye aliyejenga uchaga wa boriti za mikoko, urefu wa kifua cha farasi, na juu yake akapachika makarai manne, kila farasi na lake. Siku yangu ya kwanza alinipeleka hapo.

"Farasi wa kisiwani hali chini," akaniambia. "Akila chini, anakula na mchanga. Mchanga hautoki upesi kama pumba. Unakaa tumboni, unajazana siku kwa siku, mpaka utumbo unaziba. Umenisikia?"

"Nimesikia, Mzee."

"Hata punje moja usimwage chini."

Narudia kwamba nilisikia. Isije ikadhaniwa sikuambiwa.

Sasa ile asubuhi. Nyota alikuwa anakula polepole, na siku ya nyuma yake alikuwa amebakiza. Katuri akasikia harufu ya dagaa, akapanda juu ya uchaga, akalilamba karai mpaka likang'aa. Mimi nikafika na ndoo ya pumba, nikamkuta ndiyo kwanza ashuka, anajilamba pua.

Wajua sheria yetu. Chombo kikilambwa na mbwa kinaoshwa mara saba, moja yake kwa udongo. Maji yetu ya kunywa na ya kuoshea vyombo yalitoka Bodo kwa madumu. Kisima cha kisiwani kilikuwa upande wa pili, maji yake ya chumvichumvi, ya farasi. Nikapiga hesabu ya safari saba za kisima. Nikalitazama karai. Sikutaka hata kuligusa, kanga yangu ilikuwa ya swala. Na Nyota alikuwa keshanisogelea, ananisukuma bega kwa pua.

Nikamwaga pumba chini, kwenye mchanga, mbele ya miguu yake. Akainama akala. Hakuna lililotokea.

Kesho yake karai lilikuwa bado halijaoshwa, na mbwa alikuwa amelilamba tena. Nikamwaga chini tena. Siku ya tatu sikulitazama karai kabisa. Wakati huo wa asubuhi Mzee Nyanje huwa amevuka na Karani kwenda Bodo kukata majani, na Mama Asta yuko kwenye barua zake, kwa hiyo hakuna aliyeniona. Hali hiyo ilikwenda karibu wiki tatu. Nimelitafuta daftari la siku hizo nikalipata, limeliwa na mende pembeni. Kila siku nimeandika: "Nyota amekula vizuri." Maneno yenyewe si uongo. Nayatazama leo naona haya.

Siku ambayo mambo yaliharibika, Katuri aliwaleta Moshi na Baruti tu. Nyota hakuja. Tukamkuta nyuma ya mikoko, amelala, anainuka, anapara mchanga kwa kwato, anageuka kuutazama ubavu wake kama mtu anayeitwa, kisha analala tena. Jasho linamtiririka. Mzee Nyanje, aliyekuwa ndiyo kwanza arudi na mzigo wa majani, akapiga magoti, akamwekea sikio tumboni.

"Kimya," akasema. "Tumbo halisemi."

Mama Asta alikuja mbio, miguu mitupu. Akashika majani yaliyokuwa mgongoni mwa Karani, akayanusa, akayanusa tena.

"Mzee. Majani hii wapi?"

"Nyuma ya shamba la mahindi, Mama. Palepale pa siku zote."

"Shamba wamepiga dawa?"

"Sikuona mtu na bomba."

"Mimi nauliza, wamepiga dawa?"

"Sijui, Mama."

"Hujui! Unalisha farasi wangu, na hujui!"

Nimfanyie haki Mama Asta. Alikuwa ameingiwa na hofu, na kwa alivyoyaona wakati ule, majani ndiyo yaliyokuwa ya kushukiwa. Mtu angeweza kumwonyesha jingine, na mtu huyo alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwake, ameshika ndoo.

Akaondoka kwenda kumtafuta daktari wa mifugo ng'ambo. Tukabaki wawili na mgonjwa. Mzee Nyanje alifungua mafungu ya majani moja baada ya jingine, akalichukua moja, akaja nalo kwangu.

"Mwanasha, hebu nusa wewe. Pua yangu imezeeka. Yana harufu ya dawa?"

Nikanusa. Yalinuka majani mabichi na umande, basi. Mwanangu, hapo mlango ulikuwa wazi kabisa, nilikuwa sina la kufanya ila kupita. Nikamwambia, "Sijui, Mzee."

Akatikisa kichwa. Akayabeba mafungu yote, moja moja, mpaka majini, akayatupa ili farasi wengine wasiyale. Alikuwa ameamka kabla ya alfajiri kuyakata. Nikamwona anarudi, anafuta mikono yake kwenye suruali, anafuta na kufuta, kana kwamba kuna kitu kimeshika. Akasema, si kwangu, kwa yule farasi: "Nisamehe, mama."

Nami nikanyamaza. Najiuliza hata leo ni kwa nini. Woga wa kufukuzwa ulikuwepo. Haya ilikuwepo. Lakini nadhani kubwa lilikuwa lile la kujidanganya: labda kweli ni majani. Nilitaka sana yawe ni majani.

Daktari alifika adhuhuri kwa mtumbwi, maana maji yalikuwa yameshajaa. Alikuwa kijana wa bara, buti zimejaa tope, hana salamu nyingi. Akampima Nyota mapigo, akamfungua mdomo, akapapasa mimba.

"Hii farasi imekula nini?"

Mzee Nyanje akasogea mbele, kofia mkononi. "Imekula majani yangu, daktari. Naona yana sumu."

"Unaona ama unajua?"

"Naona."

Daktari akakuna shingo. Akatoa kichupa kwenye sanduku lake, akakigeuzageuza. "Nisikizeni. Kama ni sumu, iko hii ya kudunga, na lazima idungwe saa hii. Lakini hii dawa na mimba haziskizani. Mtoto atatoka. Kama si sumu, nikiidunga nimeua mtoto bure, na hata mama sijamsaidia. Sasa, nani hapa anajua kitu?"

Mama Asta akamtazama farasi wake. Akasema, "Mama kwanza. Piga." Kisha akageuka, akawa anaangalia bahari ili asione.

Daktari akavuta dawa kwenye sindano.

"Ngoja," nikasema.

Wote wakanigeukia. Na hata hapo, mwanangu, hata hapo ulimi wangu ulitafuta njia ya pembeni. Nikasema, "Huenda amekula mchanga."

"Huenda?" Daktari akauliza, sindano iko mkononi.

"Mchanga ataupata wapi?" akauliza Mzee Nyanje. "Uchaga nimeujenga mimi mwenyewe, na karai lake liko juu."

Hakuuliza kwa kunitega. Aliuliza kwa sababu hakujua. Kule kutojua kwake ndiko kulikonivunja.

"Ni mimi," nikasema. "Nimekuwa nikimmwagia chini."

"Mara moja?"

"Kila siku. Tangu mwezi ulipoandama."

"Kwa nini?"

"Mbwa alilamba karai."

Daktari aliirudisha sindano sandukuni. Akaokota kinyesi cha Nyota kidogo kilichokuwa pale chini, kile cha juujuu kisichogusa ardhi, akakitia katika chupa ya soda, akajaza maji, akatikisa, akaiweka juu ya jiwe. Tukasimama tukiitazama chupa ile kama watu wanaosubiri chungu kichemke. Majani yakaelea. Maji yakatulia. Na chini, polepole, mchanga ukakaa, mweupe, safi, kina cha vidole viwili.

"Hapa kuna mchanga wa kujenga nyumba nzima," daktari akasema. "Leteni maji ya vuguvugu."

Akampitisha Nyota mpira puani mpaka tumboni, akamtia mafuta kwa faneli, lita kwa lita, Mama Asta amemshika kichwa akimwimbia kwa lugha ya kwao. Kisha akasema atembezwe. Asilale. Atembezwe mpaka kitoke kilichomo.

Tukamtembeza kwa zamu. Mama Asta hakutaka hata kuniangalia, na alikuwa na haki. Alimchukua Mzee Nyanje pembeni, mbele yangu na mbele ya daktari, akamshika mikono yote miwili: "Mzee, mimi kosa. Mimi sema vibaya." Mzee akamjibu kwamba mwenye mgonjwa hahesabiwi maneno.

Zamu yangu ilipofika, Mzee Nyanje hakuniachia kamba peke yangu. Alitembea upande wa pili wa Nyota. Tulizunguka kisiwa mara ya kwanza. Mara ya pili, karibu na kisima, akaanza, sauti yake ileile ya kufundishia kazi.

"Mwanasha, mimi mchanga haukunikasirisha. Mchanga utatoka, au hautatoka, hiyo ni kazi ya Mungu na ya mafuta. Nami nilipokuwa kijana niliwahi kupoteza ng'ombe kumi na mmoja wa baba yangu kwa usingizi. Kukosa, watu hukosa."

"Nisamehe, Mzee."

"Sijamaliza. Nilikuletea majani unuse. Nilikuuliza. Ukaniona nayatupa yote baharini, ukaniona namwomba radhi mnyama. Kosa likiwa kwako tu, linakaa kwako, utalisema ukipata nguvu. Lakini uliona limepanda mgongoni mwangu, ukaniacha nitembee nalo. Hilo ndilo lililoniuma. Usilifanye tena kwa mtu yeyote."

Nililia, yeye akajifanya hakuona, akamsemesha farasi mambo ya njiani, hapa pana mzizi, hapa pana shimo.

Karibu na magharibi, tukiwa wote watatu pamoja na mbwa nyuma yetu, Nyota akasimama, akainua mkia. Kilichotoka kilikuwa kizito kama zege. Mama Asta akapiga ukelele. Daktari, aliyekuwa amekunja suruali anakunywa chai, akaja mbio na kikombe chake. Nimehudhuria harusi nyingi katika umri wangu, lakini sijapata kuona watu wazima wakifurahi namna ile, na walikuwa wamezunguka fungu la mavi.

Kesho yake asubuhi nilifunga nguo zangu kwenye kanga, nikijua nafukuzwa. Nikatoka nje. Mzee Nyanje alikuwa anamtayarisha Karani kuvuka. Akaniona na furushi, akalitazama.

"Nyota apewe uji wa pumba leo, mwepesi," akasema. "Dagaa amewakataza daktari. Na makarai yanataka kuoshwa."

Akashika kamba ya Karani, akaingia majini, akaenda zake. Nikamwangalia mpaka ng'ambo. Hakugeuka nyuma hata mara moja kunichungulia.

Mama Asta alikaa siku tatu bila kunisemesha. Siku ya nne akaniita tunywe chai. Hatukulirudia tena jambo lile.

Ijumaa nikaenda Bodo kwa mama yangu mzazi. Nikamsimulia kila kitu, na naungama kwamba nilisimulia nikiwa nimejipamba kidogo, kama mtu aliyepatwa na msiba kwa sababu ya kushika dini yake. Mama alikuwa anakuna nazi. Akaacha kukuna.

"Yaani hukuosha karai kwa sababu ya dini?"

"Mara saba, mama. Na maji ya shida."

"Maji ya shida." Akacheka, akageuka kama anatafuta mtu wa kumshuhudia. "Mtoto anakaa kisiwani! Bahari imemzunguka pande zote, na maji ya bahari ni tohara, hata mtoto wa chuoni anajua. Udongo anaukanyaga. Halafu yuanitajia shida ya maji! Mwanasha, dini haikukukataza kuliosha lile karai. Dini ndiyo iliyokuamrisha ulioshe. Wewe ulichoka tu. Sema ulichoka."

"Nilichoka, mama."

"Haya. Lete kifuu hicho."

Mwanangu, mpaka siku ile sikuwa nimeliona hilo. Bahari nilikuwa naiangalia kila siku, hatua ishirini kutoka uchagani. Nilikuwa nimeuchukua uvivu wangu nikauvalisha buibui, nikamwonyesha Mwenyezi Mungu kwamba ni uchamungu. Jioni ile niliporudi nililichukua karai la Nyota, nikaliosha kwa maji ya bahari mara saba, moja kwa udongo, nikahesabu kwa sauti. Haikuchukua muda wowote wa maana. Na toka hapo mbwa akililamba naliosha, na maisha yanaendelea.

Nyota alijifungua salama, jike, mwekundu kama yeye. Farasi hawa watatu unaowaona ukija likizo, unaowapanda bila kuniomba ruhusa, ni wa kizazi chake. Mama Asta alipozeeka akarudi kwao, alituachia farasi wake mimi na Mzee Nyanje. Mzee naye akaja akachoka, akaenda Kinango kupumzika kwa watoto wake, na huko ndiko alikozikwa, nilikwenda. Miaka yote tuliyokaa pamoja hakuwahi kunikumbusha siku ile, si kwa mzaha wala kwa hasira, hata siku alizokuwa na sababu. Namshukuru kuliko ninavyoweza kuandika. Namshukuru mama kwa kicheko chake. Namshukuru hata daktari yule, ambaye jina lake sikulishika, kwa kuuliza mara mbili kabla ya kudunga.

Sasa nasaha yenyewe, kama inastahili jina hilo. Unakwenda kufanya kazi mahali ambapo watu watalala vitandani wakikutegemea, na utachoka, na kutakuwa na karai lako ambalo hukuliosha. Usidhani hutakosa, utakosa. Ukikosa, sema upesi, useme yote, usianze na huenda. Ukiona uvivu wako unatafuta jina zuri la kuvaa, iwe ni jina la dini, au la kanuni za kazi, au la heshima, uvue jina hilo uutazame ulivyo. Na zaidi ya yote hayo, tazama ni nani anayelibeba kosa lako. Siku utakapomwona mwenzako, mfagiaji au daktari mkubwa, anasumbuka kwa jambo ambalo wewe wajua si lake, usingoje akuulize. Na akikuuliza, usimwambie hujui. Mimi nilimwambia Mzee Nyanje sijui. Alinisamehe, na bado nalisikia neno lile likitoka kinywani mwangu.

Na mwingine akikosea mikononi mwako, mkanye mara moja, umalize, kisha mrudishie kazi yake na usimchungulie.

Nenda, mwanangu. Mola akupe mikono myepesi kwa wagonjwa na ulimi usiochelewa. Akukutanishe na wakubwa wa kukukemea bila kukuvunja, kama alivyonikutanisha mimi. Akuepushe na aibu ya kujificha, akupe wepesi wa kusema "ni mimi" hata siku ambayo itakuwa nzito. Na kila atakayelala chini ya uangalizi wako, aamke akiwa salama. Amin.